Shukrani ya Viazi Ni ya Nani?
Nyumba nyingi za Molo, Kenya, humshukuru Mungu kabla ya kula viazi, na mpishi huisikia sala hiyo bila kutajwa. Naona sala hiyo ina upungufu. Wanga wa kiazi kibichi humeng'enywa kwa shida tumboni. Moto ndio unaokifanya kiwe chakula. Na moto hautoshi bila akili. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100 kama Mombasa, kwa hiyo kiazi cha aina ya Shangi huko hukaa sufuriani muda mrefu zaidi. Ukikifukia kiazi hicho hicho kwenye majivu ya moto, unapata ganda kavu na ndani laini. Ukikiponda pamoja na mahindi na majani ya maboga, unapata mukimo. Tofauti hiyo haikutoka shambani. Tena kiazi kilichogeuka kijani huwa na sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi, na anayekitupa ni mpishi.

Mtu atapinga: Suratul Waqia, aya ya 63 na 64, inawauliza wanadamu kama wao ndio wanaoiotesha mimea. Kweli, ila hapo swali ni la kuotesha, si la kupika. Mwingine atasema hata akili ya mpishi ni kipaji cha Mungu. Hoja hii ni nzito zaidi, lakini ukiikubali, kumshukuru mpishi hakumpunguzii Mungu chochote: kipaji kinashukuriwa pale kilipofanya kazi. Basi mtajeni mpishi kabla ya amina.