Mgongo wazi si laana, na kidonge cha kliniki hukuta mlango umefungwa



Ndugu zangu Waislamu, mtoto akizaliwa Mbagala au Tandale akiwa na uvimbe mgongoni, habari hufika mtaani kabla mama hajatoka wodini. Huyu atasema ni jini, yule atasema mama alimcheka kilema, mwingine atasema ni laana ya ukoo wa mke. Na wapo waume wanaoyasikiliza hayo wakaandika talaka. Mtoto hufichwa ndani, na anayepanda daladala kumpeleka Muhimbili ni mama peke yake.

Huu ni uzushi na ni dhulma. Katika Suratul Hajj, aya ya 5, Allah (SW) anapoeleza hatua za mwanadamu tumboni, ametaja pande la nyama lililotimia umbo na lisilotimia. Abdullah bin Ummi Maktum (RA), swahaba kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa, Mtume (SAW) hakumficha. Alimfanya muadhini wake. Nani atathubutu kumwita laana?

Wapo na wenye kosa la pili, wanaosema "ni kadari" kisha wakakaa. Kadari tunaiamini. Lakini yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Allah, Mtume (SAW) alimwelekeza amfunge kwanza, ndipo ategemee. Basi ngamia wetu ni yupi?

Wataalamu wametueleza kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya takriban siku 28 tangu mimba kutungwa. Usipojifunga ndipo huwa mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani pia. Kinachopunguza hatari hiyo ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwishapata mtoto au mimba ya namna hiyo, ulionesha kuwa dozi kubwa ya vitamini hiyo ilizuia takriban matukio 7 kati ya 10.

Sasa pigeni hesabu. Siku hizo 28 zikitimia, mama amepitiliza siku zake kwa wiki mbili tu. Pengine hata hajashtuka. Kliniki wengi wetu tunawapeleka mimba ikiwa ya miezi minne au mitano! Vidonge anavyopewa huko avimeze, vinamfaa kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto mlango umekwishafungwa.

Kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi zilitungwa nchini mwaka 2011. Ila sembe tunayosaga kwenye mashine za Tandika na Manzese aghalabu haina kirutubishi kilichoongezwa. Maharage, choroko na mchicha vina sehemu yake, ingawa mchicha wetu huchemshwa mpaka ukasahau rangi yake.

Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, nayo huandikwa na daktari. Mwenye kifafa anayetumia dawa ya valproate asiiache mwenyewe; amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo huongeza hatari.

Enyi wanaume, tunapopeleka posa tunajadili mahari, kitanda na kabati. Kidonge hiki hakitajwi, na kinatakiwa kianze angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Na nyinyi masomo mnaokaa na mwali siku za singo, mkimfunza mambo ya unyumba, mnachelewa. Mwiteni mapema, posa ikishakubaliwa, mumpeleke zahanati akaulizie foliki asidi. Hapo mwali bado yuko kwa baba yake, na liwa haijasagwa.