Deni la Mzee Asiyekuwapo

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu laweza kuonekana dogo, nalo ni hili: je, mtu mzima ana haki ya kumwaminisha mtoto kwamba yuko mzee mwenye ndevu nyeupe, aitwaye Papa Noeli, ambaye huja usiku wa tarehe 24 Desemba na kumletea kila mtoto mwema kile alichokitamani? Wengi watacheka na kusema kuwa huo ni mchezo tu. Mimi pia niliwahi kucheka. Lakini nilizaliwa Rumonge, mtoto wa mvuvi, na mchezo huo niliucheza kwa moyo wangu wote.

Asiyeujua mwambao wetu wa Burundi na afahamu kwamba watu wa Rumonge huishi kwa michikichi na kwa ziwa. Uvuvi wa ndagala na mikeke ni kazi ya gizani. Jioni wavuvi hutoka na taa zao, samaki huufuata mwanga, kisha nyavu huinuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazina tena nguvu juu ya samaki, na vyombo hulala ufukweni siku kadhaa. Mwaka 1988 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 23 Desemba. Jambo hili nimelijua juzijuzi tu, kwa kuzipitia kalenda za zamani. Wakati ule nilikuwa na umri wa miaka minane, na niliona tu kwamba baba alikuwa nyumbani na kwamba hasemi sana.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwalimu mmoja alituambia tuandike matakwa yetu kwenye vipande vya karatasi. Mzee angevisoma, naye angewapa walio wema. Niliandika: gari jekundu linalojiendesha lenyewe. Tangu siku ile niliteka maji bila kutumwa, nikaacha kumpiga mdogo wangu, nikasali hata pale nilipoona usingizi. Siku ilipofika tulikusanywa ukumbini, akaingia mtu mwenye joho na ndevu za pamba. Alipoinyosha mikono niliiona rangi ya mawese kwenye kucha zake. Nilimtambua mara moja. Alikuwa jirani yetu, mkamuaji wa mawese. Lakini niliyaamuru macho yangu yanyamaze, maana kama mzee hakuwapo, basi na gari halikuwapo.

Gari nililipata. Halikuwa jekundu, bali kijani lililopauka, na lilihitaji mawe manne ya redio. Usiku ule baba aliyatoa mawe kutoka katika redio yake, ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, akayatia ndani ya gari. Halikutikisika. Akayageuza, akayasugua kwa kitambaa, akajaribu tena. Mwishowe aliyarudisha mawe redioni, akaniambia, “Mwanangu, pengine mzee alichoka. Watoto ni wengi.” Kesho yake nikarudia gari langu la waya, lenye magurudumu ya malapa yaliyochakaa, ambalo angalau lilikwenda kila niliposukuma.

Katika ujirani wetu, mtoto wa mfanyabiashara mmoja alipata gari jekundu, nalo lilikwenda. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akitunyang'anya maembe. Nilifikiri kama mtoto afikirivyo, yaani kwa mantiki kamili: mzee huwapa walio wema, yule amepewa zaidi, basi yule ni mwema kuniliko. Hakuna aliyenifundisha hitimisho hilo, wala hapakuwa na haja ya kunifundisha, maadamu nguzo zake mbili nilikwisha kupewa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoupinga mchezo huu kwa sababu tu ni uongo. Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alikataa kusema uongo hata kwa nia njema; mbele yake baba yangu angehukumiwa pamoja na yule mwalimu. Mimi siwezi kuwaweka watu hao wawili kwenye mizani moja. Baba alisema uongo ili kunipunguzia uchungu, na pengine, nakiri, ili apate pa kujificha kwa usiku mmoja. Mtu asiye na kitu mfukoni hushukuru akipata ndevu za pamba za kujisitiri nyuma yake.

Wenzangu wengine hunijibu kwamba hata hadithi za sungura ni uongo, nasi tunazifundisha. La. Hadithi ina mlango. Msimulizi hubisha hodi kwa kusema “Paukwa!”, nasi twamfungulia kwa kuitikia “Pakawa!”, na tangu hapo kila aliyekaa kitako anajua yuko wapi. Mtoto hatoki nje kumtafuta sungura aliyemshinda fisi. Papa Noeli huletwa bila mlango. Mtoto hakuitikia chochote, wala haambiwi ni lini atatoka.

Isitoshe, kuna suala la ahadi. Twasema ahadi ni deni. Lakini deni la nani, ikiwa aliyetajwa kuwa mdeni hayupo? Mtoto aliyenyimwa hana wa kumdai. Rafiki yangu wa mtaa wa Waswahili alikuwa na bahati kuniliko katika jambo hili. Idi ilipokaribia, baba yake humwambia waziwazi, “Safari hii kanzu ipo,” au, “Safari hii hakuna, tutaifua ile ya mwaka jana.” Alihuzunika kama mtoto yeyote, lakini alimjua aliyemnyima na sababu yake, wala hakujiona kuwa muovu. Nilipomweleza habari za Papa Noeli aliniuliza jambo moja tu: mbona mzee huyo hajui njia ya kwao?

La ajabu ni kwamba asili ya mzee huyu ni kinyume kabisa cha alivyo sasa. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra, katika nchi iitwayo leo Uturuki, mnamo karne ya 4. Yasimuliwa kwamba alimtupia maskini mmoja dhahabu dirishani usiku, ili binti zake watatu wapate kuolewa, naye akajificha asijulikane. Alijificha ili maskini asione haya. Wabelgiji, waliotutawala hadi mwaka 1962, humwadhimisha kila tarehe 6 Desemba kama rafiki wa watoto, na husema huja na daftari lenye matendo yao. Daftari hilo ndilo linalonikera. Mwaka 1951 mjini Dijon, Ufaransa, sanamu ya Papa Noeli ilichomwa moto mbele ya kanisa kuu, watoto wakitazama, kwa madai kwamba ameiteka sikukuu ya kidini. Nadhani walichoma pasipostahili. Ndevu na joho vingebaki; daftari ndilo lingetosha kuchomwa.

Desemba iliyopita binti yangu, mwenye umri wa miaka sita, alitaka baiskeli. Alikuwa amesikia habari za mzee kwa wenzake, akaniuliza kama atakuja. Nikamwambia kwamba hayo ni mchezo, na kwamba anayenunua ni mimi na mama yake. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Basi, baba, mbona hujaninunulia?”

Niliona ni mara ngapi ingekuwa rahisi zaidi kusema kwamba mzee amechoka. Nilileta karatasi, nikamwandikia mshahara wa mwalimu, kodi ya nyumba, unga, ada ya kaka yake, na chini kabisa bei ya baiskeli. Hajui bado kutoa tarakimu kubwa, kwa hiyo tulitoa pamoja, nikiishika kalamu juu ya mkono wake. Tulipofika mwisho aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akaniomba aihifadhi yeye.