Je, Aliyenyamaza Amesema Uongo?

Swali hili si jipya. Tulifundishwa kulijibu tungali vijana katika chuo, lakini majibu ya chuoni ni mepesi. Mwaka 2024 lilitujia hapa Kwai kwa njia tusiyoitazamia, yaani kwa njia ya motokaa.

Kijana mmoja wa huku alikuwa na Land Rover ya zamani, ya namna ile yenye springi za mabamba. Mwanzo aliiinua kwa haja ya kweli. Aijuaye Kwai wakati wa masika ajua jinsi matope yetu yanavyoshika magurudumu, na magunia ya kabeji hayangoji njia ikauke. Basi akatia mabamba zaidi katika springi, akatengeneza shakeli ndefu za nyuma, yote kwa mikono yake uani kwake. Hata habari ilipofika ya kwamba mwezi wa Oktoba kutakuwa na tamasha la Land Rover huko Arusha, haja ikageuka kuwa fahari. Akarefusha shakeli tena, akapaka rangi, watoto wakaja kutazama. Sisi nasi tulikwenda kutazama, hatukatai.

Lakini chini yake ilitetemeka. Wasiojua mambo ya mitambo watuvumilie kidogo. Nguvu ya injini hupelekwa nyuma kwa mhimili wa chuma uzungukao, ambao mafundi huuita propela. Kila mwisho wake pana kiungo chenye umbo la msalaba, yaani krosi, kiuwezeshacho mhimili kuzunguka hali umeinama. Walakini krosi iliyoinama haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kukawia mara mbili. Mainamo ya pande mbili yakilingana, krosi ya nyuma huliondoa kosa la ile ya mbele. Bali ukirefusha shakeli kwenye mwisho mmoja wa springi, eksele hupinduka pamoja na difu, mainamo hayalingani tena, na mtetemo hula krosi hata zikaisha.

Mzee fundi mmoja wa Lushoto alilala chini ya motokaa, akatoka na grisi kifuani, akasema mambo mawili. Kwanza, propela iliwahi kufunguliwa na kurudishwa vibaya. Meno ya sehemu yake itelezayo yamekosewa, hata krosi mbili hazielekeani. Pili, zitiwe kabari za chuma kati ya springi na eksele, ili difu irudi katika mwinamo wake, na shakeli zipunguzwe. Kazi ya siku tatu. Nazo siku zilizobaki zilikuwa mbili.

Kijana akatuambia, “Baba Mchungaji, mimi siiuzi. Watu watatazama tu. Hapana atakayeniuliza habari za propela. Nisipoulizwa, nimemdanganya nani?”

Twakiri kwamba neno hili lina nguvu. Mwenye nyumba haandiki mlangoni kwamba paa lake lavuja, wala hatumwiti mwongo. Kama kila kunyamaza kungekuwa uongo, hapangekuwa na mkweli hata mmoja, na maongezi ya watu yasingevumilika. Lakini paa livujapo, alowaye ni mwenye nyumba. Je, propela ikikatika?

Aendaye Arusha kutoka Kwai hana budi kushuka Lushoto, kupita Soni mpaka Mombo, njia ipindayo kandokando ya genge. Dereva mwenye akili hushuka kwa gia nzito ili injini iizuie motokaa, na kuzuia huko hupita katika propela. Tena breki ya mkono ya Land Rover za namna hiyo haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, kichwani pa propela. Propela ya nyuma ikikatika mteremkoni, injini haiizuii tena, na breki ya mkono haishiki kitu. Hubaki breki ya mguu peke yake. Mama auzaye matunda kando ya njia hakualikwa kwenye tamasha, wala hakuuliza swali lo lote. Je, kwa kuwa hakuuliza, hatudai kitu?

Na watazamaji nao wana haki yao. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, watu walitaka kujua kama chombo kile chafaa kazi. Aonyeshaye chombo asema bila kinywa, “Fanyeni hivi.” Mtu wa wilaya nyingine akiiona shakeli ndefu na rangi nzuri, atakwenda kwao kurefusha ya kwake, naye ana mteremko wake.

Hapa yatupasa kusema jambo tusilopenda kulisema. Juma moja kabla ya fundi kuja, sisi wenyewe tulipanda motokaa hiyo mpaka Lushoto, tukausikia mtetemo ule miguuni, tukanyamaza. Maana tulikuwa tumeahidiwa nafasi ya kwenda nayo mpaka Moshi, na nauli ya basi ingebaki mfukoni. Kijana alipotuuliza amemdanganya nani, tulilijua swali lake kuliko alivyodhani.

Tulimwambia yote, na hilo la nauli pia. Alicheka kwanza, kisha akakasirika, maana alikwisha waambia rafiki zake siku atakayofika. Hatukumlaumu. Jioni ile alimrudia mzee fundi.

Siku ya kwanza ya tamasha ilimkuta uani, propela iko juu ya gunia, yeye na mzee wakihesabu meno. Alfajiri ya siku ya pili tulishuka naye, motokaa ikiwa imepungua kimo kwa vidole vinne. Soni akasimama, akaingia chini, akaishika krosi kwa kiganja. Haikuwa na moto. Akajifuta mkono kwa majani, tukaendelea kushuka.