Plastiki ya Shambani: Mzigo wa Nani?

Mtu akiazima jembe kwa jirani hulirudisha, tena hulirudisha likiwa limefutwa udongo. Hakuna sheria ya serikali imlazimishayo kulifuta. Ni adabu, nayo yajulikana na kila mtoto aliyelelewa vema. Leo twataka kuuliza kama adabu hiyo yahusu pia shamba lenyewe, na hasa plastiki tunazoziacha ndani yake mavuno yakiisha kubebwa.

Tusianze kwa kuilaani plastiki, maana imewafaa wakulima. Nailoni iliyotandazwa juu ya tuta huzuia magugu na kuhifadhi unyevu. Mipira ya matone huupa mche maji yake bila kuyamwaga bure. Chupa ngumu huhifadhi dawa isivuje njiani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba kilimo cha dunia hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kila mwaka. Hapa kwetu Tanzania, katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 halikugusa vifungashio vya kilimo, na kwa haki. Walakini ruhusa ya kutumia kitu si ruhusa ya kukitupa popote.

Yatendekayo baada ya mavuno twayajua sote. Nailoni hulimwa pamoja na udongo ikachanika vipande, navyo haviozi, bali huzidi kuwa vidogo mwaka hata mwaka. Huko Xinjiang, nchini China, pamba imelimwa kwa nailoni nyembamba miaka mingi hata mashamba yakajaa mabaki. Na tangu mwaka 2018 kanuni za nchi hiyo zadai nailoni iwe na unene usiopungua milimita 0.01, kwa kuwa ile nyembamba mno hukatikia mkononi na haiokoteki. Chupa za dawa nazo huachwa kando ya mto, au huokotwa na watoto, au hupelekwa nyumbani kuwekea maji na mafuta ya taa. Wengine huzichoma, wakidhani wamesafisha. Kumbe sumu yapanda na moshi na kuingia vifuani mwa walio karibu.

Basi mzigo huu ni wa nani? Mkulima asema, “Nilitaka dawa, sikutaka chupa.” Mwenye duka asema, “Nilikwisha kuuza, kazi yangu imekwisha.” Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja asema shamba si lake, mwenye shamba asema nailoni si yake. Mtengenezaji yuko mbali wala hasikii. Kila mmoja ana jibu, na plastiki yabaki pale pale.

Twaona kosa la majibu hayo yote ni moja: kila mmoja ahesabu kwamba jambo lamhusu mpaka pale faida yake inapokoma. Lakini aliyefaidiwa na chupa ilipojaa ana sehemu yake ilipo tupu. Hatusemi sehemu zote ni sawa. Twasema kila mtu abebe kwa kadiri ya faida na uwezo wake.

Hapo mtu aweza kutupinga, akisema kwamba mkulima ni maskini, auza mazao yake kwa bei asiyoipanga yeye, nasi twamwongezea taabu. Neno hili lina haki ndani yake. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Si haki walaji wengi wale nyanya kwa bei nafuu, na mkulima mmoja abaki na takataka za wote. Lakini umaskini waweza kumpunguzia mtu gharama. Haumwondolei wajibu wa kutomdhuru jirani. Mtoto anywaye maji katika chupa ya sumu hapati nafuu kwa sababu aliyeitupa alikuwa maskini.

Brazil ilitunga sheria mwaka 2000 iliyougawa mzigo huo. Mkulima husuuza chupa na kuirudisha ndani ya mwaka mmoja tangu kununua; mwenye duka humwonyesha mahali pa kuirudisha; mtengenezaji hugharimia kuichukua na kuigeuza kitu kingine, au kuiteketeza ipasavyo. Kwa hesabu ya wenye kazi hiyo, zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za chupa za plastiki hurudi, na nyingi hugeuzwa mabomba na vitu vingine visivyogusa chakula. Watu wa Brazil hawatuzidi wema. Wao walipewa mahali pa kupeleka. Hakuna afungwaye na lisilowezekana, na kwa sababu hiyo wenye viwanda na wenye mamlaka wasimhubirie mkulima usafi kabla ya kumwekea kituo. Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2022, wamekwisha kutamka kwamba mtengenezaji ana wajibu hata baada ya kuuza.

Walakini tusikae tukiwangoja wakubwa. Chupa ya dawa ikiisha isuuzwe mara 3 papo hapo, maji yake yatiwe katika bomba la kupulizia. Kisha itobolewe isitumike tena, na kuwekwa katika gunia mbali na chakula na watoto. Nailoni ikusanywe ingali nzima, ikung’utwe udongo, maana yenye matope mengi hukataliwa na wenye kuiyeyusha upya. Vyama vya ushirika, vinavyojua kukusanya kahawa na pamba, vyaweza kupanga siku moja baada ya msimu ya kukusanya na plastiki, na kuwabana wauzaji waipokee. Na wanaokodishana mashamba waandike katika mapatano yao kwamba shamba litarudishwa likiwa safi.

Wazazi nao wawafundishe watoto neno hili tangu sasa, maana wao ndio watakaolima udongo huu sisi tusipokuwapo, wala hawakuulizwa tulipokuwa tukiujaza plastiki.