Nani Kamuua Mchezaji?

Mchezaji mwenyewe ana kimo cha sentimita tatu hivi. Ni wa plastiki ya kijivu, huuzwa vipandevipande, na mnunuzi ndiye humuunganisha kwa gundi, akampaka rangi, akampa jina na namba ya mgongoni. Kisha humpeleka uwanjani akavunjwe mbavu. Ndivyo ulivyo Blood Bowl, mchezo wa mezani uliobuniwa na Jervis Johnson na kutolewa na kampuni ya Uingereza, Games Workshop, mwaka 1986. Kuna timu za binadamu, za mbilikimo, za majitu, hata za maiti waliofufuka. Kila upande huingiza wachezaji 11 kwenye uwanja wa miraba 26 kwa 15, na mpira hubebwa mikononi hadi mwisho wa eneo la wapinzani. Anayeziba njia hupigwa, na dadu ndiyo huamua nani ataanguka.

Anaweza kufa. Kwa sheria za toleo la 2020, aliyeumia vibaya hurushiwa dadu ya nyuso 16. Ikitoka 15 au 16, amekwisha, labda tabibu wa timu amwokoe. Jina lake hufutwa kwenye orodha ya timu, pamoja na uzoefu wote alioupata katika mechi zilizopita.

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, wanasoka wadogo wanaojulikana ni wale wa babifuti, yaani mpira wa mezani, waliotungwa kwenye vyuma, wakizungushwa kwa viganja vya vijana. Hao hawana majina wala hawafi. Alejandro Finisterre, Mhispania mmoja kati ya watu kadhaa wanaotajwa kuwa wabunifu wa mchezo huo, alisimulia kwamba wazo lilimjia hospitalini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, alipowaona watoto majeruhi ambao wasingeweza tena kukimbiza mpira. Babifuti, kwa masimulizi yake, uliwapa watoto hao mpira bila vita. Blood Bowl huleta kifo mezani kisha hukifanyia mzaha.

Je, mzaha huo unafaa kuchezwa Beni?

Tangu Oktoba 2014 eneo hilo limeshuhudia mauaji ya raia, mengi yakihusishwa na kundi la waasi la ADF; wakulima wamechinjwa katika mashamba yao ya kakao. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, ikaingia Beni na Butembo. Ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Kila matanga yalikuwa na swali lake: kwa nini huyu, si jirani yake? Wako waliojibu kwa dhambi, wako waliojibu kwa ulozi, wako waliojibu kwa siasa. Na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa katika miji hiyo miwili, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, jibu la siasa lilipata wafuasi wengi.

Injili ya Luka, sura ya 13, inagusa swali hilo kwa mikasa miwili iliyowekwa bega kwa bega: Wagalilaya waliouawa na Pilato, na watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anakataa kwamba marehemu wa upande wowote walikuwa na dhambi kuliko wenzao waliobaki hai. Mnara, hata hivyo, haukukusudia kitu. Pilato alikusudia. Waliokufa wanaondolewa lawama katika mikasa yote miwili, lakini kumwondolea lawama marehemu hakumwondolei muuaji.

Hapo ndipo mchezo huu wa kipuuzi unapopata uzito. Katika Blood Bowl mchezaji anaweza kujaribu kukimbia hatua moja zaidi, dadu ikatoa 1, akaanguka peke yake na kufa. Huo ni mnara wa Siloamu. Lakini kocha pia anaweza kuamuru mpinzani aliyelala chini akanyagwe. Hiyo ni faulo, na hakuna dadu inayomlazimisha mtu kuicheza. Dadu zikirushwa kupima jeraha na mbili zikalingana, refa ameona, na mkosaji hutolewa nje. Zisipolingana, mchezo unaendelea.

Kwa hiyo makocha wawili hutenda kosa lile lile. Mmoja huadhibiwa, mwingine hucheka. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walijadili jambo la aina hiyo: vipi lawama ya mtu itegemee mambo yasiyo mikononi mwake? Wacheza Blood Bowl wana jibu la utani. Hadithi ya mchezo ina mungu wake, Nuffle, naye ndiye hutukanwa dadu zinapogoma. Utani huo haudhuru mtu, kwa kuwa kila aliyeketi mezani anajua ni mkono wa nani ulioamuru faulo.

Nje ya meza hali si nyepesi hivyo. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste mjini Kasindi, mpakani na Uganda, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo; zaidi ya kumi walikufa. Anayemwambia mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu anataka kumfariji. Lakini sentensi hiyo hiyo, ikirudiwa na kila mtu, humficha aliyetega bomu.

Kuna michezo ya ukoo huo iliyo na huruma zaidi. Guild Ball, ya Steamforged Games, ilianza 2014 na sanamu za chuma, na timu zake ni vyama vya ufundi: wavuvi, waashi, wachinjaji. Bao ni pointi nne, kumwondoa mpinzani ni mbili, anayefika 12 ameshinda; aliyeondolewa hurudi duru inayofuata. DreadBall ya Mantic, ya 2012, ina vifo, lakini huenda kasi mno kiasi kwamba hakuna anayeomboleza. Kwa ufundi wa uchongaji Blood Bowl inazizidi zote mbili: nyuso zina hasira, hofu na kiburi, na ndiyo maana mchezaji akifa kocha hunyamaza.

Kwa watoto wa Beni au wa Oicha iliyo jirani, sheria ya Guild Ball ndiyo inayofaa. Kifo wamekwisha kukiona bila msaada wa dadu. Kwa vijana wa sekondari au wa chuo kikuu cha Graben mjini Butembo, Blood Bowl ingefaa kuwa somo la maadili, na haihitaji sanduku kutoka Uingereza. Miraba huchorwa kwenye katoni, vifuniko vya chupa huwa wachezaji, na mwalimu husimamisha mchezo kila faulo inapochezwa ili kocha aeleze kwa nini ameichagua.