Ihtikari: Dhambi ya Nani?

Katika mwezi wa Shaabani mwaka 1445, yaani Februari 2024, alinijia baada ya sala ya Isha mwenye duka mmoja wa hapa kwetu Karema. Alikuwa na magunia kumi na mawili ya sukari, ya kilo hamsini kila moja, aliyoyanunua Mpanda kabla bei haijapanda. Kilo alikuwa akiiuza shilingi 3,000. Wenzake sasa walikuwa wakiuza 4,500, na Ramadhani imekaribia. Akaniuliza: "Shekhe, nikiuza kwa bei ya leo nitakuwa mlanguzi?"

Usilione dogo swali hilo. Kwa sisi tuliokuwa vijana mwaka 1983, mlanguzi si neno la mchezo. Mwaka ule, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliposimamia msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, wako waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu ya kukutwa nazo asubuhi.

Nikamjibu kama nilivyosomeshwa. Mtume wetu (S.A.W.) amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mtu wa makosa. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, akiwemo Imamu Nawawi, wameibainisha ihtikari iliyo haramu: ni kununua chakula wakati wa ughali ukakiweka, usikiuze, ili kizidi kughalika. Aliyenunua wakati wa rahisi, au aliyevuna shambani mwake, hukumu hiyo haimpati. Tena wakasema ni katika vyakula ambavyo watu huishi kwavyo, na bila ya sukari mtu huishi. Kwa kitabu, basi, yule bwana alikuwa huru. Lakini nani asiyeujua uji wa futari katika nyumba zetu? Nikamwambia, "Kisheria huna kosa. Ila kwa huruma uza kwa bei yako ya zamani, na ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu." Akatii. Nami nikaenda kulala nikijiona nimefanya kazi ya mwalimu.

Siku ya kumi ya Ramadhani duka lake lilikuwa tupu. Alikuwa na shilingi 1,800,000 mkononi, na alipofika Mpanda akakuta gunia limefika 200,000. Akitoa nauli na gharama ya mzigo, alirudi na magunia manane. Manne yamepotea, wala hakuna aliyeyaiba. Zaidi ya hayo, walionunua kwake hawakuwa maskini peke yao: wako wenye maduka waliotuma watoto wao, wakabeba kilo tano tano, wakaenda kuziuza kwa 4,500. Hayo sikuyafikiria hata kidogo. Mwalimu wa chuo hana duka.

Tangu siku ile najiuliza kwa nini sisi wahubiri, tukipanda mimbari kukemea ughali, tunamkabili mwenye duka. Nadhani ni kwa kuwa tunamwona. Amekaa safu ya pili na watoto wake tunawasomesha. Lakini wakati ule sukari iliyozalishwa Bara karibu yote ilitoka katika viwanda vikubwa vitano: Kilombero, TPC ya Moshi, Kagera, Mtibwa na Bagamoyo, na katika hivyo, Kagera na Mtibwa ni vya kundi moja la wenye mali. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilizuia kuvuna miwa. Hilo ni kweli, na mvua ni amri ya Mungu. Lakini si mvua iliyoamua kwamba vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo wapewe wenye viwanda wenyewe. Yaani mwenye kuuza kichache ndiye aliyeshika ufunguo wa kuleta kingi. Sisemi walikuwa na nia mbaya, nia anazijua Mola. Nasema uchache uliwafaa, na mja hatiwi katika mtihani wa namna hiyo kisha tukategemea imani yake tu.

Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo, rejareja baina ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kwa kanda mbalimbali. Wapo wanaopinga jambo hilo kwa dini. Husema watu wa Madina walimwomba Mtume awapangie bei akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu. Ni hadithi sahihi. Ila soko la Madina lilikuwa wazi, kila mwenye ngamia na shehena aliingia akauza. Ibn Taymiyya, katika risala yake ya Hisba, ameeleza kwamba ikiwa kuuza chakula kumefungiwa watu maalumu, asiruhusiwe mwingine, basi kuwapangia hao bei ni wajibu. Tazama anawapangia nani: waliopewa mlango, si kila mwenye mizani.

Wala usidhani nawasema matajiri tu. Miaka ile ya 1980 mlango ulishikwa na mashirika ya umma ya biashara ya mikoa, nasi tulipanga foleni alfajiri kwa kilo moja. Mwaka 2024, kwa Sheria ya Fedha, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula umepewa nao uwezo wa kuagiza sukari ya kuziba pengo. Naona ni afadhali, ingawa nitapenda kuona funguo ziwe nyingi zaidi.

Yule bwana nilimwendea mwenyewe dukani. Nikamwambia nilikosea, ningemwambia auze kwa bei itakayomrudishia gunia lake na faida yake ya kawaida, asizidishe. Akacheka, akauliza, "Basi yale manne niyahesabu sadaka?" Nikamwambia sadaka huwa kwa nia, na pale nia ilikuwa yangu, mali ikawa yake. Tukakubaliana nimlipe gunia moja, kidogo kidogo. Imebaki shilingi elfu themanini.