Jaribio Likifeli, Usilizibe Mdomo

Tuseme kijana mmoja wa Dar es Salaam aliandika programu huria ya kutunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Mwanachama akilipa rejesho kwa simu, programu ilihifadhi muda wa malipo kwa UTC, saa ya dunia, kisha ikaugeuza kuwa tarehe ili kujua kama amelipa ndani ya siku au anastahili faini. Mwaka ulikuwa 2021. Kijana alikuwa mwangalifu, akaandika na majaribio ya kuikagua programu. Mojawapo lilisema hivi: malipo ya 31 Machi saa 21:30 UTC yahesabiwe kuwa ya 1 Aprili, kwa sababu Dar es Salaam wakati huo imeshatimu saa sita na nusu usiku. Kwenye laptopu yake jaribio lilipita.

Alipoipandisha kazi kwenye seva ya kujengea programu, jaribio likafeli. Ujumbe ulikuwa mistari miwili tu:

Ilitarajiwa: 2021-04-01
Imepatikana: 2021-03-31

Hesabu haikuguswa na mtu. Seva ilikuwa imewekwa UTC, kama zilivyo seva nyingi, na kwa saa yake ilikuwa bado saa tatu na nusu usiku, tarehe 31. Mistari ile miwili ilimwambia jambo zito: programu yako inaamua nani atozwe faini kwa kutazama saa ya mashine yoyote inayoiendesha. Yeye hakuisoma hivyo. Alichoona ni alama nyekundu inayomchelewesha. Akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, TZ=Africa/Dar_es_Salaam, nyekundu ikawa kijani, akaenda kulala.

Haukupita muda, mchangiaji mmoja wa Mwanza akamwandikia.

"Kaka, kwangu lile jaribio la Machi linafeli."

"Umeweka TZ?"

"Nimeweka, mipangilio ni ileile yako."

Naye alisema kweli. Ila alikuwa anajenga programu ndani ya kontena nyepesi ya Linux isiyokuwa na kifurushi cha tzdata, yaani kumbukumbu za kanda za saa za dunia nzima. Linux ikipewa jina la ukanda isioupata, mara nyingi hailalamiki. Hurudi kwenye UTC kimyakimya. Mchangiaji alipoandika amri ya date, alijibiwa saa ya UTC, na pale panapokaa jina la ukanda pakaandikwa "Africa", kana kwamba bara zima lina saa moja. Kijana akamjibu, "Basi liruke tu hilo." Akaliruka.

Kisha likaja la Juba. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka UTC+3 kwenda UTC+2. Wanaotunza tzdata walikwisha kutoa toleo la 2021a lenye badiliko hilo siku chache kabla. Lakini mashine iliyoendesha programu huko Juba ilikuwa na data ya mwaka uliotangulia. Mwanachama wa kikundi kimoja cha Juba alilipa 31 Machi saa tano na nusu usiku, nusu saa kabla ya siku kwisha. Programu ikasoma saa sita na nusu, ikaandika 1 Aprili, ikamkata faini. Malalamiko yalipofika, kijana aliendesha majaribio yote, yote yakawa ya kijani. Yasingekuwaje? Yalikuwa yamefungwa yatazame Dar es Salaam peke yake, na Dar es Salaam haikubadilisha saa.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Seva, Mwanza na Juba zilipiga kelele juu ya kosa lilelile: programu haikuambiwa saa ya nani itumike, ikaiachia mashine iamue. Mara mbili za kwanza kelele ilizimwa. Mara ya tatu kosa lilimfikia mtu mwenye pesa yake.

Jaribio la tarehe linapofeli, anza na ukubwa wa tofauti, maana tofauti yenyewe husema. Kwetu Afrika Mashariki, pengo la saa tatu kamili humaanisha kuwa upande mmoja unasoma UTC. Pengo la saa moja huelekeza kwenye saa za kiangazi au data iliyopitwa na wakati. Siku nzima ikiruka, kuna muda uliovuka saa sita usiku. Jaribio likifeli mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba tu, angalia Ulaya, ambako ndipo saa husogezwa. Ukikuta tofauti ya ajabu kama saa 2, dakika 27 na sekunde 16, umegusa tarehe za kale: ndivyo tzdata inavyoiandika Nairobi ya kabla ya 1908.

Wala usiitegemee London ikupe UTC kila majira ya baridi. Kompyuta za Unix huhesabu muda kuanzia 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC. Dakika hiyo London ilikuwa saa saba usiku, kwa kuwa kuanzia Oktoba 1968 hadi Oktoba 1971 Uingereza ilikaa saa moja mbele mwaka mzima.

Tiba haina uchawi. Kila hesabu ya siku ipewe jina la ukanda wa saa wa kikundi husika, isiachiwe saa ya mashine. Data ya kanda isasishwe kila toleo jipya linapotoka, na ikikosekana programu igome kwa sauti badala ya kubahatisha. Kisha majaribio yote yaendeshwe mara mbili, chini ya Etc/GMT+12 na Etc/GMT-14, kanda zilizoachana kwa saa 26. Mradi wa Debian hutumia jozi hiyohiyo kuhakiki kwamba vifurushi vinajengeka sawasawa popote. Angalia alama: katika majina hayo jumlisha ni nyuma ya UTC na toa ni mbele, kwa hiyo saa yetu huitwa Etc/GMT-3. Jaribio likipita kote kuwili, halitegemei tena mashine iko wapi.

Kazi haiishii kwenye msimbo. Marekebisho hayarudishi faini zilizokwisha kukatwa. Kwa bahati nzuri muda wa malipo ulihifadhiwa kwa UTC, hivyo kila rejesho la Juba tangu 1 Februari linaweza kuhesabiwa upya na aliyeonewa akarudishiwa chake. Kijana aanze na hilo, kabla hajatangaza toleo jipya.